Nguo za Norbert kwenye Chungu

Arlene Stroik aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja pale Stevens Point, Wisconsin. Alipostaafu alibaki hana wa kumwamrisha ila mumewe Norbert, naye Norbert alikuwa kiziwi wa hiari.

Mwezi wa tano, Norbert akashinda chungu cha maua kwenye bahati nasibu ya parokia. Kilimfika Arlene kiunoni, na rangi yake ilikuwa ya chungwa, ile inayong'aa hadi ukifumba macho bado unaiona. Wakakiweka kando ya ngazi za mbele.

Arlene akapanda maua, petunia za pinki. Mimi jirani yake niliombwa maoni, nikasema kweli: "Kama mtoto kacheua sharubati."

Akazing'oa. Akapanda maua mekundu. Sasa chungu kikaonekana kinaungua. Akajaribu ya njano. Wifi yake Geraldine akapunguza mwendo wa gari, akatoa kichwa dirishani.

"Arlene! Siku hizi unalima haradali?"

Hapo akaapa kwamba hatapanda tena kitu kabla hajajua ni rangi gani inapatana na chungu kile. Asubuhi iliyofuata akafungua kabati. Nguo zake yeye ni kahawia na kijivu tupu, lakini Norbert anapenda rangi kama kasuku. Kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameondoka na pikapu yake, siku ya tatu hiyo, kwenda kuvua samaki kwa kaka yake, hakukuwa na wa kuombwa ruhusa. Arlene akabeba mashati, pajama na chupi, akawa anavitia chunguni kimoja kimoja, anarudi nyuma hatua kumi, anakunja uso, anatupa kwenye nyasi, anatia kingine.

LaVonne, mama wa posta, akapita. Akaona nguo za mume zimezagaa uani na pikapu haipo. Barua akaleta, na habari akaondoka nayo.

Kufika saa sita mchana, wanawake wa parokia walikuwa wameshaleta mabakuli matano ya tambi na nyama za kuoka. Kila mmoja alimkumbatia Arlene na kumwambia ni mwanamke jasiri. Arlene alidhani wanausifu ubunifu wake. Kisha akaja Padri Zblewski, kofia mkononi.

"Arlene, mwanangu. Ndoa ya miaka arobaini haitupwi nje kama takataka."

"Padri, umekuja wakati mzuri. Hii ya zambarau, imezidi giza au ni macho yangu?"

Padri akaitazama chupi ya Norbert. Akatazama mbingu.

"Mimi... siwezi kusema. Lakini mmezungumza?"

"Nizungumze na nani, Padri? Na chupi?"

Ndipo pikapu ikaingia. Norbert akashuka na ndoo ya samaki. Akaona nguo zake kwenye nyasi, akaona mabakuli yamepangwa ngazini kama ya msiba, akamwona padri. Ndoo ikamponyoka.

"Arlene, jamani, nisamehe! Ningekwambia! Iko kwa kaka yangu, na ni ndogo tu!"

"Nini ndogo?"

"Si mashua?"

"Mashua gani, Norbert?"

Padri Zblewski akakumbuka ana misa. Siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, alikumbuka ana misa.

Sitasema yote yaliyofuata, maana mengine niliyasikia nikiwa nimejibanza nyuma ya pazia langu. Lakini katikati ya kelele Arlene alichomoa shati la kazini la Norbert, lile la buluu iliyokolea, ili amtupie usoni. Mkono ukasimama hewani juu ya chungu. Akalishusha pole pole, akaliacha lining'inie ukingoni. Ile rangi ya chungwa ikatulia, kama mtu aliyekuwa anapiga kelele kapata mwenziwe wa kumsikiliza.

"Norbert," akasema, sauti imebadilika kabisa, "simama hapo. Unaonaje?"

"Naona unataka kuniua."

"Rangi ya maua, mjinga wewe!"

Norbert akaliangalia lile shati. "Inapendeza," akasema. "Kweli inapendeza."

Jioni tulikula tambi sote, na Norbert aliwaokota samaki wake nyasini, akawakaanga bila kuambiwa. Kesho yake alimpeleka Arlene kwenye duka la miche, akamsukumia toroli. Walirudi na maua: salvia za buluu za kusimama katikati, lobelia za kumwagika ukingoni, na majani ya kijani kibichi kuzunguka.

Zilichanua hadi baridi ya mwezi wa kumi. Mashua nayo ililetwa uani mwezi wa saba, na mwenye ufunguo ni Arlene.