Faili la Ng'ombe wa Mahari

Nina hasira, wala sitaki kuificha. Programu iliyomng'oa mzee wa watu jicho niliiandika mimi, kwa mikono hii, ofisini kwetu Bomani.

Ilikuwa ya kutambua ng'ombe mnadani: mlinzi anaingiza alama ya ng'ombe kwenye simu, simu inamtajia mwenyewe. Lugha niliyoitumia humwachia mwandishi uhuru. Kosa hulioni mpaka programu ifike kwenye mstari wenyewe. Ila ukiweka agizo moja juu ya faili, kompyuta inakagua kila kitu mapema, na ikikuta kosa inagoma kuijenga programu. Mwenzangu, dada mmoja wa Susuni, alitaka agizo hilo tuliweke kwenye mipangilio ya mradi mzima, kila faili likaguliwe bila kuagizwa moja moja.

"Kaka, wewe ni msahaulifu," aliniambia.

"Na wewe ungefaa kuwa askari magereza," nikamjibu, nikacheka. Nikaendelea kuliweka agizo kwenye faili moja moja. Faili la ng'ombe wa mahari nililiandika mwishoni, mbiombio, nikasahau kuliwekea agizo.

Tulikwenda kuijaribu mnadani Kisaka. Mzee mmoja akaja na dume jekundu, mahari ya binti yake. Alama ya dume nilikuwa nimeihifadhi kama maandishi. Faili lile likaitumia kama namba, programu ikakwama. Nami, kwa uvivu wangu, nilikuwa nimeipangia jibu moja tu kila inapokwama: "Mwenyewe hajulikani."

Mlinzi alilisoma kwa sauti.

"Mwizi!" watu wa mnadani wakapaza sauti.

Rungu la kwanza lilimpata mzee mdomoni, meno yakamwagika. La pili likatua jichoni. Alipoanguka walimkanyaga kifua, wakamchapa fimbo mpaka shati likachanika na damu ikachanganyika na samadi. Nilimlalia nikipiga kelele, "Simu imekosea! Acheni!" Nani asikie? Wakanivunja mkono. Waliacha pale tu mkwewe alipofika mbio, akaapa kwamba dume lile alilitoa yeye.

Kesho yake, kwa mkono mmoja, niliandika ile mipangilio. Mistari mitatu. Nikaijenga programu upya, na kompyuta ikagoma papo hapo, ikanionyesha faili la mahari na mstari wenyewe. Niliipiga meza ngumi mpaka dada wa Susuni akanishika.

Nilimfuata mzee hospitalini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikamweleza yote bila kujitetea. Alinisikiliza akinitazama kwa jicho lililobaki.

"Kwa hiyo, hiyo kompyuta yako ingekwambia kabla sijatoka nyumbani na ng'ombe wangu?"

"Ingeniambia, baba."

"Hukuiuliza."

"Niliambiwa niiulize. Nikakataa."

Aligeukia ukutani. Binti yake, aliyeketi kando ya kitanda, akainuka, akanifungulia mlango nitoke.