Faini ya Huruma

Kutoka Bukoba nilivuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, nikapanda garimoshi daraja la tatu, na baada ya Tabora tulikaa porini kutwa nzima tukingoja injini nyingine. Kutoka Dodoma nilidandia lori tupu lililokuwa likienda kupakia mahindi Kibaigwa. Nilishuka nikiwa mweupe kwa vumbi, na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyekitaka. Biashara ya mahindi ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, kila mwenye mdomo alikuwa dalali. Mimi nikapata kazi ya kushona magunia ya lumbesa, yale yaliyojazwa kupita mdomo.

Nilipanga chumba kwa mzee mmoja Mwislamu. Mkewe aliniita Mla Ndizi tangu siku ya kwanza. "Kula ugali, Mla Ndizi," alikuwa akisema. "Hapa mgomba ukipandwa unalia." Sijawahi kulishwa kwa matusi matamu kama yale.

Msimu wa kampeni za kwanza za vyama vingi, mwanamume mmoja alikamatwa sokoni na gunia lisilo lake. Watu wakaokota mawe. Akachomoka, akakimbilia uani kwetu. Mzee akamsukuma ndani, akasimama mlangoni.

"Toka, mzee, tumalize kazi!"

"Malizieni kwangu kwanza."

Walisitasita mpaka polisi wakafika, wakamchukua mtu wao akiwa hai.

Jioni kikao cha kijiji kikaamua mzee atengwe. Asisalimiwe, asiuziwe kitu, msiba wake usihudhuriwe, mpaka atoe mbuzi wawili na kukiri kosa mbele ya watu. Sheikh alikuwepo, mchungaji alikuwepo. Hakuna aliyepinga.

"Mzee hatukumgusa hata unywele," dalali mmoja aliniambia kwa fahari. "Sisi watu wa amani."

Mimi nilikuwa mtu wa kuja, hawakunihesabu. Nikawa mnunuzi wa chumvi na mafuta ya taa ya nyumba ile. Mzee aliendelea kwenda msikitini. Safu ilijipanga mbali naye, kisha wote wakaombewa rehema. Lakini mkewe alikuwa akiugua tumbo kwa muda mrefu, na sasa akawa hainuki tena.

"Mume wangu, katoe hao mbuzi."

"Nikaseme nimekosa nini? Kumwacha mtu apumue?"

"Sema lolote. Mimi nikifa nataka kuoshwa na wanawake wenzangu, nililiwe na watu. Au utaniosha wewe na huyu Mla Ndizi?"

Alicheka mpaka akakohoa. Mzee hakucheka. Alitoka nje, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, na asubuhi nikamwona anafungua kamba za mbuzi.

Mbele ya ofisi ya kijiji alisema, "Nimekosa. Nilimficha mwizi." Mwenyekiti akamtaka arudie kwa sauti, wa nyuma hawajasikia. Akarudia. Watu wakapiga makofi. Mbuzi wakachinjwa kihalali ili watu wa kila dini wapate kula, nao wakala. Kabla jua halijazama, wanawake walikuwa wamejaa uani kwetu na uji na kuni, wakimwita mgonjwa dada.

Alifariki wiki ileile, ameshikwa mikono pande zote mbili. Vijana walichimba kaburi kwa zamu katika ardhi ngumu kama sakafu, baadhi yao ndio walioshika mawe. Sheikh akazungumzia rehema. Mchungaji akapewa nafasi, akasema jirani ni ndugu. Mgombea ubunge naye akaja, akasema nchi nyingine zinatuonea wivu kwa upole wetu. Hakuna aliyemtaja mtu wa gunia.

Usiku ule nilimwambia mzee kwamba pale mlangoni alikuwa sahihi.

"Nilikuwa sahihi," akasema, "na mke wangu nusura azikwe na wanaume wawili. Amepata watu wake. Usinifundishe."

Nimetangatanga miji mingi tangu hapo, na bado hamu ya uani ule hunishika. Lakini siku ya pili ya matanga nilifunga mfuko wangu. Nilikwenda kumuaga mzee, nikamkuta mkekani na mwenyekiti, wanakula sinia moja. Nilimpa shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, akamsogezea mwenyekiti nyama. Nikatoka kwenda barabarani kutafuta lori.