Watu wa Majanini

Ipo siku moja, mwanangu Tumaini, ambayo nikiikumbuka hata uji hunishinda. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi. Mama yangu alisimama kwenye jukwaa la stesheni yetu kajifunga khanga mpya, uso unang'aa kwa mafuta, anamsubiri kaka yangu Elia arudi kutoka Dar es Salaam. Nitakusimulia yaliyotokea, lakini kwanza nina ugomvi na wewe.

Jana nilikusikia ukiwatembeza wageni wanaokuja kuiona stesheni yetu ya zamani. Sauti unayo, na hilo shati la kazi limekupendeza. Uliwaonyesha dirisha la tiketi, chumba cha kungojea cha wakubwa, ghala, na kile kipande cha reli kilichoning'inizwa ambacho kilikuwa ndiyo kengele yetu. Ukafika pale mawe ya jukwaa yanapokatika ukawaambia, "Stesheni yetu inaishia hapa." Niliumia. Sikukukatiza kwa sababu sipendi kumwaibisha mtu kazini kwake, ila leo umekuja mwenyewe kuniamkia, basi vuta kigoda ukae.

Stesheni ile walijenga Wajerumani, hilo ulilisema sawa. Mawe waliyabeba watu wetu, tena kwa viboko, hilo ulilisahau. Treni ya wakati huo ilikuwa fupi, na jukwaa wakalikata kwa urefu wa treni yao. Wakaja Waingereza, wakajenga ghala la ngozi na karanga, wakaongeza mabehewa, lakini jukwaa hawakuligusa. Tukapata uhuru, mabehewa yakaongezeka tena, na jukwaa likabaki lile lile.

Sasa fikiria. Kichwa cha treni, enzi hizo cha moto na mvuke, kilikuwa lazima kisimame chini ya bomba la maji upande wa Manyoni, kinywe kwanza ndipo kipande mlima. Kikisimama pale, daraja la kwanza na la pili yanakaa sawasawa na jukwaa, mbele ya ofisi ya stesheni masta. Daraja la tatu lote linabaki nyuma, upande wa Kintinku, kwenye kokoto na majani. Huko hakuna sakafu ya kukanyaga. Ngazi ya behewa inaishia juu, chini kuna shimo la mtaro, na abiria anaruka. Mama mwenye mtoto humkabidhi mtoto kwanza kwa mtu aliye chini, halafu mzigo, halafu anaruka yeye. Kama huna mtu wa kukupokea, unaruka na Mungu wako. Kwa hiyo stesheni ilikuwa na sehemu mbili, na ile ya majani ndiyo iliyokuwa na watu wengi. Wageni wako wateremshe na huko, wachomwe na miiba kidogo. Haitawaua.

Na ubaya wa binadamu ni kwamba hata majani huyageuza kuwa cheo. Hapa kwetu tulikuwa na msemo wa "watu wa majanini." Msichana akichumbiwa, mashangazi waliulizana kwa kunong'ona, "Huyo kijana hushukia wapi?" Mtu akirudi kutoka mjini mikono mitupu, walisema ameshukia majanini, hata kama amekuja kwa miguu. Na sisi wenyewe tuliosema hivyo tulikuwa hatujawahi kupanda daraja la pili hata kwa ndoto.

Elia alipanda. Likizo yake ya kwanza alirudi na suruali ya kitambaa kizito, akashuka jukwaani taratibu kama mtu anayetoka kanisani, na stesheni masta akampa mkono. Mama hakulala vizuri wiki nzima kwa furaha. Tangu siku hiyo alikuwa akipita kijijini na kichwa juu, na ukimwambia shikamoo alikuitikia kwa sauti ya mtu mwenye mwana jukwaani. Simcheki. Alikuwa amemtolea yule kijana maisha yake yote, na alitaka watu waone hayakupotea.

Halafu Elia akakaa kimya muda mrefu. Ndipo mhudumu mmoja wa treni, kijana wa Kintinku, akatuletea habari kwa mdomo. "Elia anakuja na treni ya Alhamisi," alisema. "Amesisitiza mje mumpokee. Amesema msikose." Treni ilikuwa inaondoka, na hakupata nafasi ya kueleza zaidi.

Mama alisikia sherehe katika maneno yale. Aliwaita wanawake wa kwaya, akachinja kuku, akaniamuru nifue mashati ya baba. Baba yangu alikuwa mtu wa gengi, wale waliokuwa wakitembea na nyundo na spana kukaza njia ya reli, na alizoea kuongea kidogo. Alhamisi tulipofika stesheni, alitazama jukwaa, akatazama kule nyuma, akasema, "Mama Elia, ninyi simameni hapa. Mimi nitamsubiri kule majanini."

Mama aligeuka kama aliyemwagiwa maji. "Baba Elia, unamwombea mwanao mkosi? Nani katika ukoo huu aonekane anamsubiri Elia kule? Unataka watu waseme nini?"

"Watu waseme wanavyotaka. Mtoto amesema tumpokee."

"Basi tutampokea. Hapa."

Wanawake wa kwaya walikuwa wanasikiliza wote. Baba akaja kusimama nyuma yetu na kofia mkononi. Alimwonea mama huruma, au aliona aibu kubishana mbele ya watu. Sikumuuliza hata siku moja, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Treni ikaja. Vigelegele vikapigwa hadi moshi ulipotufunika. Mlango wa daraja la pili ulifunguliwa, akashuka askari na mkewe, akashuka mfanyabiashara mmoja mnene, akashuka sista na begi lake. Mama alikuwa anachungulia dirisha hadi dirisha akitabasamu, na tabasamu likawa linamwisha usoni polepole. Wanawake wakaacha kuimba, mmoja mmoja. Kule nyuma watu walikuwa wanaruka, wanarushiana vikapu na watoto, wanaitana. Hakuna hata mmoja wetu aliyegeuza shingo.

Kengele iligongwa. Hapo ndipo nikamwona Bi Mwajuma, jirani yetu aliyekuwa akiuza kuku kwenye madirisha ya daraja la tatu, anakuja mbio, khanga imemvuka begani.

"Jamani nyie, mnafanya nini huku?" alipiga kelele. "Elia yuko kule mlangoni, behewa la mwisho! Anaumwa! Miguu imevimba, hawezi kuruka, anawaita!"

Mwanangu, hapo ndipo tulipoelewa maana ya "msikose." Elia alikuwa anaumwa na alikuwa anatuomba mikono, akijua vizuri mahali behewa lake litakaposimama.

Baba alikimbia, nami nyuma yake. Filimbi ikalia kabla hatujamaliza jukwaa. Treni ikaanza kwenda, na kwa vile ilikuwa inaelekea Manyoni, behewa la mwisho likawa linatujia sisi. Nilimwona Elia amesimama mlangoni, abiria mmoja amemshika shati kwa nyuma asianguke. Alikuwa amekonda, suruali ile ile ya kitambaa kizito ameifunga kwa kamba. Baba alinyoosha mikono yote miwili huku akikimbia. Vidole vyao viligusana, hilo niliona kwa macho yangu, kisha treni ikashika kasi na baba akaanguka kwenye kokoto.

Ndivyo kaka yangu alivyofika jukwaani. Alipita mbele ya mama, karibu kabisa, mama akiwa kwenye khanga yake mpya. Alisema neno, lakini vyuma vilikuwa vinapiga kelele. Mama alidai mpaka mwisho kwamba alisema, "Mama." Mimi sikusikia kitu.

Stesheni masta alipiga simu Manyoni, na baba akadandia treni ya mizigo. Alikuta Elia ameshushwa kwenye machela na watu wasiojua hata jina lake, na alikuwa amekwisha kukata roho. Sisemi kwamba angepona. Ugonjwa ulikuwa umemla. Nasema angefia mikononi mwetu, akinuswa na mama yake, na hilo tulimnyima sisi.

Mama hakukanyaga tena lile jukwaa. Kila siku ya treni alikuwa anazunguka nyuma ya ghala, anakwenda majanini, anasimama kwenye mtaro na mikono juu. "Mbukwenyi," aliwaamkia abiria kwa Kigogo chetu. "Nipeni huyo mtoto. Nipeni mzigo. Shika bega langu, baba, shuka polepole." Wenye kumjua walilia, wasiomjua walidhani ameajiriwa. Aliendelea hivyo hadi magoti yalipomkataa, na hakuna siku niliyomwona ametulia baada ya treni kuondoka.

Nimekusimulia haya leo kwa sababu nimesikia mdogo wako anarudi kutoka Dar, na nyumbani kwenu mmepaka ukuta rangi na kukodi spika. Sherehe si mbaya. Lakini amekaa kimya miezi mingi, sivyo? Na alipopiga simu alisema tu mmfuate stendi. Mpigie wewe, kabla mama yako hajashika simu. Usimuulize amepata nini huko. Muulize amekula, analala vizuri, anaweza kubeba begi lake. Akisita, usimlazimishe kujieleza, nenda wewe mbele ya wote, ukasimame mahali atakaposhukia yeye, siyo mahali unapotaka watu wamwone. Mtu akikuomba umpokee, msikilize kama anayeomba msaada, maana kuomba msaada wazi wazi wengi hawawezi. Na ukiona mzee kama baba yangu anasema jambo la maana kwa sauti ndogo, simama upande wake, hata kama kwaya nzima inakutazama. Mimi nilikuwa na miguu ya kufika kule, nikangoja kutumwa, na hakuna aliyenituma.

Nenda sasa, usiku usikukute njiani. Mungu akutangulie, mwanangu, na amtunze mdogo wako safarini. Akujalie kazi, na watoto wasioogopa kurudi kwako. Na siku utakapokuwa huwezi kuruka, upande wowote utakaokuwa, ukute chini kuna mikono inayolijua jina lako.