Meno ya Bibi na Mchanga wa Ziwa

Enzi zetu pale Kigera, sufuria haikuhesabiwa kuwa imeoshwa mpaka isuguliwe kwa mchanga wa ziwani. Baada ya chakula cha mchana tulibeba vyombo kichwani, tukachuchumaa majini na kusugua mpaka tukaona sura zetu, huku furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wakitudonoa vidole. Watoto wa leo wakiosha vikombe viwili wanataka wapigwe picha.

Kikombe kimoja tu hatukuruhusiwa kukigusa. Kilikuwa cha bati, chenye mfuniko, kilichokaa dirishani kwa bibi. Humo alilaza meno yake ya bandia, safu nzima ya juu, kila alipopumzika. Baba aliuza ng'ombe ili yatengenezwe Mwanza. Kabla ya hapo, bibi alisimama siku moja kanisani kutoa ushuhuda, maneno yakatoka na upepo, vijana wakacheka. Hakusimama tena mbele za watu mpaka alipopata meno.

Nilikuwa na miaka kumi. Kesho yake bibi alikuwa anakwenda Butiama kumposea baba mdogo, na kwa kuwa babu alishafariki, yeye ndiye angesema kwa niaba yetu.

Mchana ule wenzangu walinisubiri tucheze rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, nikazoa vyombo vyote bila kutazama, hata kile cha dirishani. Ziwani nikafunua kikombe, nikamwaga maji. Kitu chepesi kikanigonga goti, kikazama.

Wimbi likaja, likavuruga maji. Nikapapasa kwa mikono, kisha kwa nyayo. Jiwe. Konokono. Kigae cha chungu.

"We Nyangeta! Timu inakusubiri!" wakaita kutoka juu.

Nikaendelea kupapasa. Jua lilishaanza kuinama nilipokanyaga kitu chenye meno.

Ningeishia hapo ningepona. Lakini tope lilikuwa limeingia kwenye mianya, nikayasugua kwa mchanga, kwa nguvu, kama sufuria ya ugali. Nyumbani nikakumbuka mwalimu alivyotuonya kuhusu kipindupindu: maji ya ziwa lazima yachemke. Birika lilikuwa linatokota jikoni. Nikayamiminia meno maji yale, nikayarudisha dirishani, nikajiona nimefanya kazi safi.

Asubuhi bibi alivaa kitenge kipya, akaweka meno mdomoni. Yakacheza. Akayabana kwa ulimi, yakamwangukia kiganjani. Akayainua juani. Yalikuwa yamepinda, yamejaa mikwaruzo.

"Nani ameshika kikombe changu?"

Mama akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

"Mama, gari limefika," baba mdogo akasema mlangoni. "Tuahirishe?"

"Wenzetu wameshachinja," bibi akajibu, na maneno yakatoka na upepo uleule. Akafunika mdomo kwa kitenge, akapanda gari.

Siku ile sikwenda kucheza. Nilikaa kando ya barabara mpaka jioni, nikihesabu kila gari. Waliporudi, baba mdogo alishuka anacheka: wamekubali! Bibi alishuka nyuma yake, bado amejifunika.

"Bibi, walicheka?"

"Walicheka," akasema. "Nikaendelea kusema."

Akaketi, akavua viatu. Akaniita kwa jina la utani, lile mabibi wengi huwaita wajukuu wao wa kike. "Mke mwenzangu, wewe unachemshaga kila kitu. Siku nyingine uniulizage kwanza."

Hakunichapa. Afadhali angenichapa.

Tangu hapo nimehamahama sana, Bunda, Kisorya, Mwanza, sikutulia popote. Sasa nimerudi kwa mama, huku Mwisenge anakoishi siku hizi, na mama naye ana meno ya bandia. Kila asubuhi natandika taulo kwenye beseni, natia maji, ili yakiniponyoka yasivunjike. Nayapiga brashi laini kwa sabuni ya kawaida, nayasuuza kwa maji ya uvuguvugu. Ya moto, hapana. Usiku yanalala kwenye maji safi, yasikauke.

Binti yangu ananicheka. "Mama, hayo yote si yapo kwenye simu?"

Ni kweli. Wao wanauliza kioo cha simu, kinawajibu, hakuna anayewatazama usoni. Sisi tulijua kitu tukishakiharibu, na aliyetufundisha ndiye tuliyemharibia. Bibi alizikwa kabla sijamtamkia kwa mdomo wangu kwamba ni mimi.

Lakini mpaka leo, sijamwaga maji ya kikombe chochote kabla ya kuchungulia ndani.