Mpango wa Jumatano

Hospitali nzima inamwita Shemeji, kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari mkuu. Alikuja kufunga nyaya za mtandao, akaondoka na dada yetu wa kazini, muuguzi wa wodi ya watoto. Ukioa kwetu utaitwa nani tena? Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho tu, na kitambulisho chenyewe hukisahau nyumbani.

Ni mrefu, mwembamba, mdomo haumkauki maneno. Ila mbele ya baba mkwe wake, ulimi hugeuka jiwe. Mzee akiingia, yeye husimama. Mzee akikaa, yeye bado kasimama. Miaka yote ya ndoa sijamsikia akimwambia zaidi ya "Shikamoo, Baba" na "Ndiyo, Baba." Nilikuwa namchokoza: "Shemeji, yule ni fundi cherehani, si simba." Anacheka, lakini hakai.

Basi Mzee akaugua saratani ya koo, akaletwa kwetu kwenye tiba ya mionzi, ambako mimi ndiye ninayeendesha mashine. Kila mgonjwa wa mionzi ana mpango wake: miale ipite wapi, kwa pembe gani, kwa nguvu kiasi gani, ichome uvimbe na kuuacha uti wa mgongo salama. Mpango huo unakaa kwenye kompyuta iliyo ndani ya kompyuta. Msicheke, ndivyo ilivyo. Shemeji, ambaye siku hizi ndiye fundi wetu wa kompyuta, anaiita mashine pepe. Haina mwili wala waya wake. Ni faili kubwa tu ndani ya seva, ile kompyuta kuu, nayo inajiona kompyuta kamili. Siku za kawaida huikumbuki, kama usivyokumbuka figo zako.

Mzee alikonda sana, hadi mpango wake wa kwanza ukawa haumfai tena. Jumatano daktari mkuu na mpimaji wa mionzi wakamaliza kumtengenezea mwingine. Alhamisi nikamtibu kwa huo mpya. Ijumaa asubuhi umeme ukakatika.

Kukatika kwa umeme si habari. Kuna betri kubwa ya akiba inayoishika seva mpaka jenereta iwake. Siku hiyo betri haikushika hata kidogo. Jenereta ilipowaka na taa zikarudi, seva iliamka, mashine pepe ikagoma. Nilimkuta Shemeji chumba cha seva, amesimama mbele ya kioo cha kompyuta chenye mstari mmoja mwekundu: faili la diski limeharibika.

"Tuna nakala?" nikamuuliza.

"Ya Jumapili. Kila kilichobadilika tangu Jumapili kiko kwenye faili la pembeni. Ndilo lililoumia."

Hesabu ilikuwa nyepesi, ikanikata maini. Wagonjwa wengine mipango yao haikuguswa wiki ile, kwa hiyo nakala ya Jumapili iliwatosha. Aliyebadilishiwa ni mmoja tu. Mpango wa zamani ungepeleka miale kwenye shingo ambayo haipo tena, shingo ile nene ya kabla ya kukonda, na uti wa mgongo ungepata kisichokuwa chake. Kutengeneza mpya kulihitaji picha mpya na siku kadhaa, na kesho yake mapumziko marefu yalikuwa yanaanza. Daktari mkuu alishatuonya: uvimbe wa Mzee ni wa aina inayokua haraka, ukiachiwa pengo refu katikati ya tiba, unarudi na hasira. Mpango wa Jumatano ulitakiwa upatikane leo.

Ndipo nilipoliona birika. Birika la umeme, jeupe, pembeni ya seva, waya wake umechomekwa kwenye tundu jekundu la betri ya akiba. Tundu lile lina karatasi inayosema USICHOMEKE KITU, iliyoandikwa na Shemeji mwenyewe. Manesi wamefukuzwa pale na chaja zao kama kuku kwenye mpunga. Kumbe mwenye sheria alikuwa akichemshia chai, kwa sababu umeme wa pale haukatiki. Umeme mkuu ulipokwenda, birika lilikuwa linachemka. Betri ikazidiwa, ikajizima papo hapo.

Aliniona nikiliangalia. Nilimkasirikia, maana mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Lakini mtu ukimwona jasho jembamba linamtoka kwenye chumba chenye baridi vile, unaahirisha hasira. Nikachomoa waya, nikalitoa birika nje.

Alianza kwa kuirudisha ile nakala ya Jumapili kwenye seva ya pili, nikaendelea kutibu wengine. Mmoja aliingia, akatoka, akaitwa mwingine. Mzee alibaki kwenye benchi la ukumbini, mkongojo katikati ya magoti, akiangalia waliokuja baada yake wakitangulia kwenda nyumbani. Koo lilikuwa limeungua kwa tiba, sauti imebaki mnong'ono. Kila nikipita aliinua nyusi kuuliza, nami nikamwambia, "Bado kidogo, Baba." Nilijichukia kwa hiyo "kidogo."

Nilipowamaliza wengine nikarudi chumba cha seva, na daktari mkuu akashuka. Ni mtu mwema, ila subira hakugawiwa. Akasoma kioo. "Hapa pana kitufe cha kurekebisha. Kwa nini hujabonyeza?"

"Nanakili kwanza, Daktari."

"Unanakili kitu kibovu?"

"Hiki kibovu ndicho pekee tulicho nacho. Nikikiharibu zaidi, hakuna pa kurudi."

Mstari wa kunakili ulikuwa unasogea kwa kujivuta, nasi tunaukodolea macho kana kwamba macho yanasukuma. Daktari mkuu akapiga simu tatu, akarudi, akaukuta palepale. Alitamani kumsukuma Shemeji pembeni abonyeze mwenyewe. Niliuona mkono wake. Nakala ya kwanza ikaisha. Shemeji akatengeneza ya pili. Hapo hata mimi nilisonya.

Kisha akabonyeza kitufe, kwenye nakala moja. Kikafanya kazi yake, kikaandika kwa rangi ya kijani: imefanikiwa. Mashine pepe ikawaka. Mpimaji wa mionzi, aliyekuja kuchungulia, akapiga makofi. Tukafungua jina la Mzee, tukafungua Jumatano. Hakukuwa na kitu. Kurekebisha kwenyewe kulikuwa kutupa kila kisichoeleweka, na Jumatano ilikuwa miongoni mwa visivyoeleweka.

Makofi yakafa. Daktari mkuu alikaa chini, akafuta miwani kwa muda mrefu. Kama kitufe kile kingebonyezwa kwenye faili lenyewe, mpango ungekuwa umeshapotea kabisa, na alijua nani alitaka kibonyezwe. "Endelea," akasema taratibu. "Sikuingilii tena."

Nakala ya pili Shemeji hakuirekebisha. Aliifungua kwa kusoma tu, bila kuiruhusu iandike hata nukta. Akatueleza kwamba data huenda bado ipo. Kilichokatika ni orodha inayoonyesha kila kipande kimewekwa wapi. Ilibidi apekue faili la pembeni kipande kwa kipande, atafute vya Mzee, avipange mwenyewe. Alikosea, akarudia. Mara mbili alipata mpango uliokatika katikati. Mchana ukaanza kuinama, wafagiaji wakaja na ndoo zao, wakatuona nyuso zetu, wakaondoka na ndoo zao. Hatimaye kioo kikachora shingo nyembamba, na miale ikiizunguka.

Nilipiga kigelegele. Shemeji akanyoosha mkono kunizuia.

"Imefunguka," akasema. "Sijui kama inasema kweli."

Hapo ndipo nilipomheshimu, pamoja na hasira zangu zote. Mtu mwingine angeshaomba pongezi. Yeye akamwita mpimaji. Mashine ya mionzi huweka alama ya tarakimu ya kila mpango uliotumika; wakalinganisha ya Alhamisi na ya huu uliofufuliwa, tarakimu kwa tarakimu. Zikalingana. Bado mpimaji hakuridhika. Akaweka tangi la maji penye kitanda cha mgonjwa, nikalipiga miale kwa mpango ule, akapima kama alivyopima Jumatano. Tulisubiri nyuma ya ukuta mnene. Vipimo vikatoka vilevile. Mpimaji akatia sahihi, daktari mkuu akatia sahihi.

"Mwite mgonjwa," daktari mkuu akaniambia.

"Naomba nimwite mimi," Shemeji akasema.

Nikamfuata hadi ukumbini, maana umbea nao ni kazi. Mzee alikuwa peke yake kwenye benchi. Shemeji akasimama mbele yake kama kawaida, mikono nyuma. Kisha akafanya nisichowahi kukiona: akakaa, benchi lilelile, bega kwa bega na baba mkwe.

"Baba, kompyuta iliharibika kwa sababu yangu. Nilichomeka birika mahali nilipokataza wengine. Mpango wako ulipotea humo. Nimeurudisha. Wameupima wakubwa wangu wawili, wameukubali. Lakini aliyeuharibu na aliyeurudisha ni mtu mmoja, na shingo ni yako. Ukisema hapana, hakuna atakayekulazimisha."

Nilitaka kumziba mdomo. Tumehangaika siku nzima, halafu unampa mgonjwa sababu ya kukataa! Akikataa, mapumziko yanaanza, na uvimbe haupumziki. Mzee aliinama, akaikazia macho sakafu, kidole kikisugua mpini wa mkongojo. Alipogeuka, alimtazama mkwewe usoni muda mrefu.

"Wakubwa wamesema ndiyo," akanong'ona, kila neno likimuuma. "Wewe?"

"Nimeuangalia mpaka macho yameniuma, Baba. Ni wenyewe."

"Na kama ungekuwa na wasiwasi?"

"Ningekuambia nina wasiwasi. Ningekurudisha nyumbani, na mwanao asingenisamehe."

Mzee akaitikia kwa kichwa, polepole. Akaegemeza mkongojo ukutani, akaanza kufungua vifungo vya shati lake mwenyewe, kimoja baada ya kingine. Shemeji akainuka haraka kugeukia pembeni, kama mkwe mwenye adabu.

"Usigeuke," Mzee akasema. Alilivua shati. Mifupa ya mabega ilionekana yote. Akalikunja mara moja, akamwekea mkwewe mikononi. "Nishikie. Narudi."

Akaingia, akalala, nikamfunga kinyago cha kushikilia kichwa na shingo, nikatoka kwenda kwenye kioo changu. Mashine ikaanza kuunguruma na kumzunguka. Nyuma yangu, Shemeji alikuwa amelikumbatia shati lile kifuani kwa mikono miwili, analia bila kujificha.