Barafu Nyekundu Niliyoiita Maji

Nimekosa! Nalisema mapema, maana mimi ni mtu wa utaratibu. Nilimfukuza mama mkwe wangu kwa kosa la pweza, na pweza wa watu hakuwa na hatia.

Mimi ni karani wa mizigo katika bandari ya Mkoani. Kazi yangu ni kuandika kilichoshuka na kilichokosekana. Kisichoandikwa, kwangu hakipo. Kwa hekima kubwa namna hiyo nikaoa, nikazaa, nikawa hatari kwa familia.

Tunakaa mjini, Madungu. Mimi kazini, mke wangu kazini, mtoto wetu wa kiume ana mwaka na nusu. Mlezi wake alikuwa mama mkwe, aliyeacha muhogo wake kijijini Kengeja akaja kutusaidia. Mwezi wa kwanza nilimshukuru. Wa pili nikaanza kumkagua.

Mtoto alianza kutoka vipele shingoni na mapajani, mashavu yakamwaka, anajikuna mpaka analia. Baba mwenye akili angempeleka hospitali. Mimi nilinunua daftari!

Nikalipiga mistari kwa rula: saa, chakula, aliyemlisha. Kila nikirudi namhoji mama wa watu kama abiria asiye na tiketi. Uji, ndizi, wali, samaki changu. Siku moja akataja supu ya pweza, kijiko kimoja.

Loo! Karani kakamata mzigo wa magendo.

"Mama, pweza anawasha," nikamwambia. "Akichemshwa tu anakuwa mwekundu. Na mtoto huyu hapa, mwekundu. Huoni?"

Sayansi hiyo niliitoa mwenyewe kichwani.

"Watoto saba nimewalea kwa supu hiyo," akasema taratibu, "na huyo mkeo mmojawapo. Na huo ulimi wa mwanao, mwekundu vile, nao pweza?"

Hapo nieleze. Kila alasiri nikishuka garini nilikuwa namnunulia mwanangu barafu ya rangi, ile ya mfuko, nyekundu kama taa ya hatari. Anainyonya barazani mapajani mwangu. Akimaliza nampangusa mdomo kwa kitambaa changu cha mkono, maana napenda usafi, ingawa rangi hubaki vidoleni mwangu.

"Ile barafu, mama. Barafu ni maji."

"Maji mekundu?"

"Yameganda."

Jamani, hilo ndilo jibu la mtu mwenye daftari! Na sikuishia hapo. Nikaongeza: "Hapa si Kengeja, mama, hata kila kitu kitiwe mdomoni."

Alikunja kanga zake, na asubuhi akapanda gari la Kengeja. Mke wangu alinyamaza siku tatu. Ya nne alisema, na nikautamani ule unyamavu.

Basi pweza kaondoka, vipele vimebaki! Mke wangu kaomba likizo alee mwenyewe, mtoto anazidi kujikuna, nami kwa huruma ya ubaba nikawa namtuliza kwa barafu. Mbili, badala ya moja.

Siku midomo ilipomvimba ndipo nilipomkimbiza hospitali. Walipompa dawa akatulia. Nikamkabidhi daktari daftari langu kwa mikono miwili, kama mwanafunzi anayengoja alama. Daktari, dada mmoja mpole, akalisoma lote.

"Mashallah, mwandiko mzuri."

Mtoto akapiga mwayo. Ulimi mwekundu ukatoka wote.

"Na kilichomtia rangi hii," akauliza, "kiko ukurasa wa ngapi?"

Nikaungama ile barafu. Hakuapa kuwa ni rangi inayomdhuru. Alisema huenda, maana wapo watoto ambao miili yao haipatani na baadhi ya rangi za vyakula, na vipele vina sababu nyingi. Akatuambia tuache kila chenye rangi ya kutia: barafu, biskuti za pinki, juisi za unga. Tuandike kila kitu, kisha tumrudie.

Ngozi ilianza kutulia. Kisha jirani kwa wema wake akampa biskuti yenye krimu nyekundu, na kabla ya magharibi mtoto anajikuna tena. Tulipomrudia daktari akaguna: sasa aliishuku rangi zaidi. Mimi shaka ilikuwa imeniisha zamani.

Nikaenda Kengeja kuomba radhi, mtoto begani. Mama mkwe alinipokea kwa heshima zote, na heshima ile ilinichoma kuliko matusi. Akapakua chakula. Wali, na pweza wa nazi.

Nilikula. Mtoto naye akalishwa na bibi yake, vijiko vitatu, na asitoke hata kipele.

"Daftari umekuja nalo?" akaniuliza.

Nilikuwa nalo. Aibu gani hii!

"Andika. Saa saba, pweza, kalishwa na bibi yake." Nikaandika. "Nimekusamehe, baba. Na hilo liandike. Lakini Madungu sirudi. Mwanao nitamwona mkimleta."

Akambusu mjukuu wake, akaingia jikoni. Mke wangu hadi leo hajarudi kazini, maana mlezi hatuna.

Wazazi wenzangu, rangi isiwaghilibu kwa kuwa ni tamu na ni ya mtoto. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, kimbilieni hospitali, msingoje rula kama mimi. Na kabla hujamnyooshea kidole mama wa mtu aliyekulelea mwanao, mwambie mtoto atoe ulimi. Kisha tazama kidole chako mwenyewe: changu kilikuwa chekundu.