Kipande cha Kioo Ukutani

Namkumbuka mtunza magofu ya bustani ya jiji kwa vidole vyake vinene, vilivyougusa ukuta wa kale kama vya mama apimaye homa ya mtoto. Kila asubuhi, katika matembezi yangu kabla ya kwenda kufundisha, nilimkuta akikagua kipande chembamba cha kioo alichokibandika kwa saruji juu ya ufa. Kioo kikiwa kizima, ukuta haukuwa umesogea. Kikipasuka, mkuyu uliopenyeza mizizi chini ya msingi ungekatwa. Kwenye kivuli cha mkuyu huo ndipo mkewe, sasa marehemu, alipokuwa akimletea chai ya saa nne, miaka nenda miaka rudi.

Asubuhi moja tulikikuta kimepasuka. “Bandika kingine,” nilimnong’oneza. “Nani atajua?”

“Mwalimu nawe!” alicheka kidogo. “Mwanao alipokuwa darasani kwako, ulimpa maksi za bure?” Akapiga simu ofisini kwa sauti yake ileile ya upole: “Ukuta umesogea. Njooni na msumeno.” Kisha akaketi, akaegemeza mgongo kwenye shina, akavua kofia. Wakataji walipofika, ni yeye aliyewaonyesha pa kuanzia.